Nairobi hadi New York: Kilomita Hazisemi Saa Ngapi

Mwaka 2025, kati ya Mei na Julai, mambo matatu yalitokea katika usafiri wa anga wa Afrika Mashariki, na yote matatu yakasomwa visivyo. Tarehe 18 Mei Uganda Airlines ilianza kuruka kutoka Entebbe hadi London Gatwick bila kusimama. Mwanzoni mwa Juni Umoja wa Ulaya ukayaingiza mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuruka kwake. Tarehe 2 Julai Kenya Airways nayo ikafungua Nairobi hadi Gatwick, ikiongezea ile ya Heathrow, uwanja mwingine wa London, iliyokuwa nayo siku zote. Kampala walishangilia, Nairobi wakatamba, na Dar es Salaam, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp, likazuka swali ambalo halijatulia hadi leo: wenzetu London wanaigusa, New York wanaigusa tangu 2018, sisi nasi tuna Dreamliner zetu, zile Boeing 787 za masafa marefu, tunangoja nini?

Naona swali lenyewe limekaa upande. Linachukulia kwamba kati ya miji miwili kuna umbali, umbali ukiugawanya kwa mwendo wa ndege unapata saa, na nchi ikinunua ndege ya kufika mbali imenunua saa hizo. Hesabu hiyo haipo hivyo. Kilomita kati ya Nairobi na New York ni zile zile tangu dunia iumbwe. Saa za safari hupangwa na upepo, uzito na ruhusa, na vitu hivyo vitatu havipatikani kwa kununua ndege. Zaidi ya hapo, muda mwingi anaoupoteza msafiri wetu wa kawaida hauko juu ya Atlantiki. Uko huku chini, kabla hajaiona hiyo ndege kubwa. Serikali inayotaka kuwasogezea watu wake dunia ingeanzia huko, na wala isingehitaji Dreamliner.

Tuanze na hesabu ya darasani. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy (viwanja viwili, marais wawili, kwa anayependa sadfa) ni kama kilomita 11,800 kwa mstari mfupi kabisa. Boeing 787 ikishatulia juu hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, unapata saa 13 na dakika chache. Lakini Kenya Airways ilipozindua safari hiyo tarehe 28 Oktoba 2018 ilitangaza saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Sehemu ndogo ya nyongeza hiyo ni kupanda, kushuka na kujikokota uwanjani kungoja zamu. Iliyobaki inatokana na mambo ambayo ramani ya ukutani haiyaonyeshi, na kwa kweli ramani ya ukutani inaanza kutudanganya mapema kuliko hapo. Mtu akiitazama huvuta rula kutoka Nairobi kwenda magharibi, juu ya Kongo na Gabon, kisha bahari hadi ng'ambo. Ndege haipiti huko. Chukua chungwa, choma njiti ya kiberiti palipo Nairobi na nyingine palipo New York, kisha funga uzi na uukaze. Uzi utakimbilia kaskazini. Njia fupi inatoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, inapita Sudan Kusini, inagusa ukingo wa Darfur, inakata Chad na Niger, inavuka jangwa la Algeria na kutokea Morocco, ndipo inaiona Atlantiki. Nusu ya safari ya kwenda Amerika iko juu ya Afrika. Aliyelala tangu Nairobi akiamka saa saba baadaye na kuuliza kama wamekaribia, jibu ni kwamba bado hajatoka nyumbani.

Upepo wazee wetu wa jahazi wangeuelewa bila kufundishwa. Kwao Maskati na Zanzibar hazikuwahi kuwa na umbali mmoja. Kaskazi ikianza kuvuma, Desemba hivi, vyombo viliteremka kutoka Ghuba na Omani hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kurudi kulingoja kusi, mwezi wa nne na kuendelea. Nahodha hakuulizwa ni maili ngapi, aliulizwa ni mwezi gani. Aliyelazimisha kwenda mbisho, kinyume cha upepo, alikuwa anatafuta kifo au hasara. Ndege za leo zina nguvu ya kwenda mbisho, lakini zinalipa. Huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, kuna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kaskazini inaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York anaipanda mito hiyo, anayerudi anateremka nayo. Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways, ikisukumwa na dhoruba iliyopewa jina la Ciara, ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Ndege ya namna hiyo hiyo ikienda upande wa pili siku ya kawaida hutumia saa saba au nane. Sasa niambie, kati ya miji hiyo miwili ni saa ngapi? Ratiba ya ndege haina jibu la swali hilo. Ina wastani, na ndani yake shirika limeficha akiba ya kujikinga na aibu ya kuchelewa.

Uzito nao una habari yake, na hapa Nairobi haina bahati. Uwanja wake uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini inavuta kidogo, bawa linapata pa kujiegemeza padogo, na ndege inalazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa au kupaa ikiwa na mzigo pungufu. Kenya Airways ilieleza kwamba safari moja ya New York inahitaji tani 85 za mafuta. Ndege yenyewe hairuhusiwi kuzidi tani 228 hivi inapoondoka. Maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi ya kinachonyanyuliwa ni mafuta, na sehemu ya mafuta hayo yapo kwa ajili ya kubeba mafuta mengine. Kupaa usiku, baridi ya Nairobi ikiwa imeshuka, kunasaidia. Wahabeshi wanalijua tatizo hili kuliko Wakenya. Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,300 na ushei, na kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian ya kwenda Washington ilibidi itue Dublin kuongeza mafuta, ilhali ikirudi ilikuja moja kwa moja. Miji ile ile, ndege ile ile, marubani wa shirika lile lile. Kwenda kuna kituo, kurudi hakuna.

Lakini kinachopanga saa kuliko upepo na uzito ni ruhusa, na hili ndilo linalosahaulika kabisa mtu anaposhangilia ndege mpya. Helsinki na Tokyo zimeachana kwa kilomita kama 7,800. Hadi mwanzoni mwa 2022 Finnair ilizikata kwa saa tisa na nusu hivi kwa kupita juu ya Urusi. Vita vya Ukraine vikaanza, Urusi ikalifunga anga lake kwa mashirika ya Ulaya, na safari hiyo ikafika saa 13, nyingine zikizungukia Ncha ya Kaskazini. Finland haikusogea hata inchi moja. Huku kwetu, ule uzi wa kwenye chungwa unapita juu ya nchi ambazo amani yake haina dhamana. Sudan ilifunga anga lake vita vilipolipuka Aprili 2023. Agosti mwaka huo huo wanajeshi waliokuwa wametoka kupindua serikali Niger wakafunga la kwao hadi Septemba, na ndege zilizokuwa zikikatiza Sahara zikaanza kuzunguka. Ruhusa si ya kupita tu, ni ya kutua pia. Juni 2009 Delta ilikuwa tayari kuanza kuja Nairobi kutoka Atlanta kupitia Dakar, tiketi zimeuzwa, na mamlaka za usalama za Marekani zikaizuia dakika za mwisho. Kenya ilisubiri hadi Februari 2017 ndipo mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaipa daraja la kwanza la usalama, na bila daraja hilo Kenya Airways isingeanzisha safari ya New York hata kama ingekuwa na Dreamliner mia.

Na kama mtu anadhani mambo ya ruhusa ni ya wakubwa wa mbali, akumbuke Agosti 2020, Tanzania ilipoizuia Kenya Airways kuingia kwa sababu Kenya haikuiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizoruhusiwa kuingia wakati wa korona. Zuio lilidumu hadi Septemba. Januari 2024 mambo yakajirudia: Kenya iliinyima Air Tanzania kibali cha mizigo, Tanzania ikatangaza kufuta safari za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, na baada ya siku moja hivi ya mawaziri kupigiana simu yakaisha. Dar na Nairobi zimeachana kwa kilomita zipatazo 670, saa moja na dakika ishirini. Barua moja ya mamlaka inaweza kuzipeleka mbali kuliko London.

Wapo wanaosema haya yote ni ya muda, teknolojia inakuja, ndege zitaongeza mwendo. Hoja hii niipitie upesi kwa sababu miaka sitini imeshaijibu. East African Airways, shirika lililokuwa letu sote kabla halijafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, lilikuwa na Super VC10 tangu 1966, ndege iliyobuniwa mahsusi kwa viwanja vya joto na vya juu kama Nairobi. Ilikwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Dreamliner nayo inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Mwendo haukuongezeka, kilichoongezeka ni uwezo wa kukaa juu muda mrefu kwa mafuta machache. Concorde ilijaribu njia nyingine, na mwaka 1996 ilivuka kutoka New York hadi London kwa saa mbili na dakika 53, lakini mafuta yake yasingeifikisha Nairobi kutoka New York bila kutua njiani, na mwaka 2003 ikastaafishwa. Kwa hiyo tunaposema "dunia imekuwa kijiji" tukiiangalia ndege, tunachosema hasa ni kwamba vituo vimepungua.

Hapo ndipo ninapomkumbuka shangazi yangu. Yeye ni mtu wa Tanga, na mwanawe yuko New Jersey. Alipoletewa tiketi aliisoma kwa sauti: kuondoka Nairobi 23:25, kufika 06:25. "Kumbe ni usiku mmoja tu, mwanangu, masaa saba," akaniambia, akazitoa dawa zake za presha za mchana kwenye mkoba kwa kuwa angekuwa ameshafika. Nikamweleza kwamba ile 06:25 ni ya saa za kule, na kule wako nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi. Akiteremka ndege, Tanga watakuwa wameshakula cha mchana. Dawa zikarudi. Siku ya safari alipanda basi saa kumi na mbili asubuhi. Akafika Dar saa saba mchana, maana foleni ya kuingilia mjini mnaijua. Akangoja ndege ya saa kumi na mbili jioni, akafika Nairobi, akangoja tena hadi saa tano na nusu kasoro dakika chache za usiku. Kisha zile saa 15. Kisha foleni ya uhamiaji, mabegi, na gari la mwanawe. Alipovua viatu sebuleni kwa mwanawe zilikuwa zimepita saa 36 tangu atoke kwake. Angani alikaa saa 16 na dakika ishirini. Karibu saa 20 zilizobaki alikuwa chini. Na zile saa saba alizodhani ndizo safari nzima zilikuwa za basi, Tanga hadi Dar, kilomita 350.

Simtaji shangazi ili kuidharau safari ya moja kwa moja. Kwa mtu wa Nairobi ina faida za kweli na nitazisema. Akipitia Ulaya au Ghuba safari hufika saa 19 au 20 hata kituo kikiwa kifupi, kwa hiyo saa nne au tano zinaokolewa. Mabegi yana nafasi chache za kupotea. Mzee anayetembea kwa fimbo hakimbizwi kutoka geti hadi geti katika uwanja asioujua lugha yake. Na njia ikishafunguliwa huzaa wasafiri wake: wapo wanaokwenda leo kwa sababu ndege ipo, ambao isingekuwepo wangeahirisha hadi mwakani. Wafanyabiashara wanaposema mikutano mingi inakuja Nairobi kwa sababu hiyo, sina sababu ya kuwabishia.

Hoja ya viza, inayopendwa sana, ina nguvu ndogo kuliko inavyosikika. Wanasema ndege ya moja kwa moja inamwondolea Mwafrika adha ya viza ya kupita tu uwanjani. Ni kweli kwamba Mkongo, kwa mfano, chini ya sheria za Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, anatakiwa kuwa na viza hata akiwa anabadilisha ndege bila kutoka nje. Ila sheria hizo hizo humsamehe mwenye viza halali ya Marekani, na anayekwenda New York bila shaka anayo. Mlango mgumu ni ule wa mwisho. Mrundi aliyewekewa vikwazo vya kuingia Marekani tangu Juni 2025 hakuhitaji ndege ya kumfikisha haraka. New York ilihama siku ile ile ilipotiwa saini amri ya Ikulu ya Washington.

Turudi basi kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo ndiyo inayopigiwa makofi Dar. Inakwenda hivi: kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi New York ni kama kilomita 12,400, yaani kilomita 600 tu zaidi ya Nairobi. Watengenezaji wanasema Boeing 787-8 inafika kilomita 13,500. Uwanja wetu uko pwani, karibu usawa wa bahari, hatuna shida ya hewa nyepesi. Ndege tunazo. Kwa hiyo tunaweza. Kila sentensi hapo ni ya kweli isipokuwa ya mwisho. Ile namba ya mtengenezaji ni ya anga tulivu, idadi ya abiria aliyoichagua yeye, na tumbo la ndege lisilo na shehena. Weka upepo wa mbisho juu ya Atlantiki mwezi wa Januari, weka mafuta ya akiba ambayo sheria inamlazimisha rubani kushuka nayo yakiwa hayajaguswa, weka mzunguko wa kuikwepa Sudan, na zile kilomita elfu moja za ziada zinayeyuka. Utabaki na njia moja, kuacha viti vitupu na mizigo chini, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vilipe mafuta.

Hata mafuta yakitosha, kuna hesabu ya ndege yenyewe. Kwa ratiba ya uzinduzi ya Kenya Airways, ndege iliondoka Nairobi 23:25, ikarudi kutua 10:55 ya kesho kutwa. Ni saa 35 na nusu mbali na nyumbani kwa mzunguko mmoja, ikiwa na marubani wanne na wahudumu 12. Anayetaka kuruka kila siku anahitaji karibu ndege mbili kwa njia hiyo moja, na ya tatu ya kukaa pembeni, kwa sababu siku moja itaharibika. Shirika lenye Dreamliner tatu likiamua hivyo limeamua kutokwenda kwingine kokote. Halafu ndiyo uje muhuri wa usalama. Orodha ya Ulaya ya Juni 2025 haiihusu Marekani, lakini Wamarekani wana mizani yao, ile ile iliyoichelewesha Kenya. Kazi ya kupata daraja hilo ni ya wakaguzi, mafundi na makaratasi. Haina utepe wa kukata, na pengine ndiyo sababu haizungumzwi vijiweni.

Tazama pia walioziweza safari ndefu kuliko zote wamezipata kwa bei gani. Singapore Airlines inaruka Singapore hadi New York, kilomita zipatazo 15,300, karibu saa 19. Ndege yake, Airbus A350 ya toleo la masafa marefu, ina viti 161 tu, na hakuna hata kimoja cha daraja la kawaida. Qantas ya Australia imejipangia kuanza Sydney hadi London mwaka 2027, kilomita 17,000, hadi saa 22 hewani, kwa ndege iliyoongezwa tangi la lita 20,000 na kupunguzwa viti hadi 238, wakati ndege hiyo kwa kawaida hubeba zaidi ya 300. Safari ya namna hii inauzwa kwa watu ambao saa yao moja ni ghali, na inahitaji abiria waliojaa ncha zote mbili za njia, wiki baada ya wiki. Abiria wa Dar wa kwenda New York ni mwanafunzi, ni shangazi yangu, ni mfanyabiashara anayelinganisha bei za mashirika matano kabla ya kulipa. Huyo hakimbilii kuokoa saa nne akiongezewa dola mia nne. Na mtalii wa Serengeti? Analetwa tayari na KLM, Turkish, Qatar, Ethiopian na wengine, wakichoma mafuta yao wenyewe.

Kama kweli tunatafuta saa, tuziendee zilipo. Treni ya SGR, ile reli ya kisasa, ilipoanza kutoka Dar kwenda Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ya saa nane kwa basi ikawa chini ya saa nne. Angalia namba hiyo vizuri: ni saa nne zile zile ambazo Dreamliner inamwokolea mtu wa Nairobi anayekwenda New York, ila hizi zimeokolewa kwa kilomita 450, kwa maelfu ya watu kila siku, kwa nauli ya mwananchi. Hakuna aliyeandika kwamba Dodoma imesogea. Barabara ya Tanga, ratiba ya ndege ndogo inayofika Nairobi saa mbili kabla ya ile kubwa kuondoka badala ya nne, begi linalosajiliwa Dar na kuchukuliwa New York bila kubebwa tena katikati: humo mna saa nyingi kuliko katika injini yoyote inayouzwa leo.

Jirani zetu wanaweza kufanya sehemu yao, na sisi yetu, kwa karatasi ambazo tayari zina saini. Azimio la Yamoussoukro la kufungua anga la Afrika ni la 1999. Soko la pamoja la usafiri wa anga lilizinduliwa Addis Ababa Januari 2018, nchi 23 zikiwa mstari wa mbele. Miaka sita baadaye, Dar na Nairobi walikuwa bado wanaweza kufungiana anga kwa sababu ya kibali cha mizigo. Abiria anayeunganisha hawezi kujenga safari juu ya njia ambayo inaweza kufutwa Jumatatu na kurudishwa Jumanne. Atapitia Addis au Doha, ambako hakuna ugomvi wa namna hiyo, na ndivyo wengi wanavyofanya. Kila abiria wa Tanzania anayepita Doha akielekea New York ni kiti kimoja kitupu Nairobi na kiti kimoja kitupu katika ndege ya kutoka Dar. Tunashindana na Nairobi kwa safari tusiyoiweza, huku wote wawili tukiwapoteza abiria tulionao.

Shangazi alirudi mwezi wa pili. Upepo ulikuwa kisogoni, rubani akatangaza kwamba wamewahi dakika arobaini, abiria wakapiga makofi. Nairobi ilikuwa asubuhi na jua lake. Ndege yake ya Dar ilikuwa ya jioni. Akatafuta benchi karibu na dirisha, akavua viatu, akameza dawa ya mchana, akanipigia simu kuniambia yuko karibu. "Nimebakisha masaa saba tu," akasema.